Hiyo spinachi yako wala sio spinachi

Juzi sokoni Kirumba, hapa Mwanza, mama mmoja kakataa fungu la spinachi kisa vikonyo vyekundu, eti zimepigwa rangi, maana akizichemsha maji yanatoka mekundu. Jamani hapana. Hata hizi za vikonyo vyeupe tunazonunua kila siku, zile za majani mapana yaliyojikunja, ni chadi ya Uswisi, na chadi ni spishi ileile moja na bitiruti, kwahiyo huo wekundu ni wa ukoo, hajaongeza mtu. Spinachi yenyewe ni mmea mwingine, majani madogo laini, joto likizidi inakimbilia kutoa maua, kwa jua la huku utaisumbukia bure. Na Uswisi ni jina tu, asili yake ni pwani za Mediterania.

Chadi zina aina nyingi: ya vikonyo vyeupe inayojulikana sana ni Fordhook Giant, inabeba balaa. Lucullus jani lake limepauka kidogo. Bright Lights ndo ina njano, chungwa, pinki, ilipewa tuzo Marekani 1998, mi ninayo kwenye viroba juu ya mawe hapa Mabatini, na ukifukia punje moja zinaota miche miwili mitatu, usishangae, ile punje ni mbegu kadhaa zimeshikana, bakiza mche mmoja wenye nguvu.

Chuma majani ya nje tu, ya katikati yaache, utakula miezi. Kikonyo kikatekate kitangulie na kitunguu maana kinachelewa kuiva, majani baadae, dagaa pembeni.