Kutoka Maabara hadi Korona: Utafiti wa Mkonge Unapotaka Kuwa Kampuni

Anayekaribia kiwanda cha mkonge, iwe Muheza au Korogwe, huisikia harufu kabla hajaiona mashine. Ni harufu ya mabaki yanayochacha baada ya korona, yaani mashine ya kuchakata mkonge, kulikwangua jani na kuacha singa (nyuzi zake) peke yake. Singa hizo hazizidi asilimia 5 ya uzito wa jani bichi, na kinachobaki, yaani maji na nyama ya jani, kwa miaka mingi kimekuwa kikimwagwa tu. Mwaka 1964, nchi yetu ilipozalisha singa zipatazo tani 230,000, msomaji anaweza kukisia mwenyewe kilichotupwa.

Mabaki hayo hayajakosa watafiti. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamechapisha kazi kadhaa kuhusu kuzalisha bayogesi na kuotesha uyoga kwa kutumia mabaki ya mkonge, na katika shamba la Hale ulijengwa mtambo wa kufua umeme kwa gesi hiyo. Kwa hiyo, mwanafunzi au mhadhiri anapofika ofisini kwetu akiwa na chupa ya sampuli na jedwali la matokeo, sisi tunaoshughulikia uhawilishaji wa teknolojia, yaani kuutoa utafiti chuoni na kuupeleka kwenye biashara, hatumuulizi kama jambo hilo linawezekana. Tunamuuliza ni nani atakayelilipia, na kwa bei gani.

Hapo ndipo kazi ngumu inapoanza. Katika maabara, kilo 5 za mabaki huletwa kwa ndoo, hukaushwa katika tanuri na kupimwa kwa utulivu. Shambani, mabaki hutoka yakiwa yamelowa chapachapa, na kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito wake ni maji, anayeyasafirisha kwa lori hadi Tanga mjini analipa nauli ya maji. Yakikaa siku chache kwenye joto huoza na kubadilika, na chakula cha mifugo kilichotengenezwa Jumatatu hakifanani tena na cha Ijumaa. Nakumbuka mtafiti mmoja aliyekuwa na matokeo mazuri sana, ambaye meneja wa shamba alimuuliza swali moja tu: korona ikisimama wiki nzima kwa kukosa maji au kipuri, wewe utawapa nini wateja wako? Hakuwa na jibu. Alirudi baada ya miezi kadhaa akiwa na mpango wa kusindika pale pale kando ya korona na kuhifadhi malighafi kwa kuisindilia bila hewa. Kwa maoni yangu, miezi ile ilikuwa na thamani kuliko andiko lake lote la awali.

Suala la pili ni hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kuutumia uvumbuzi wako bila ruhusa, na hapa makosa hayarekebishiki kirahisi. Hataza hutolewa kwa uvumbuzi mpya, na upya huo hupimwa kwa yale yaliyokwisha kuwekwa hadharani kabla ya siku ya kuwasilisha maombi. Makala ya jarida, bango la kongamano, hata maelezo ya kina mbele ya wageni kwenye banda la maonesho, vyote vinaweza kuuondoa upya huo. Zipo nchi zinazotoa muda mfupi wa msamaha, lakini si busara kuutegemea. Maombi huwasilishwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, au ARIPO, shirika la miliki bunifu la kanda ya Afrika lililoko Harare, kwa anayetaka ulinzi katika nchi kadhaa wanachama kwa ombi moja. Kuchapisha hakukatazwi; kunasubiri tu.

Kabla ya hapo, ijulikane mwenye mali ni nani. Mhadhiri aliyetumia mshahara, maabara na fedha za mfadhili hawezi kudhani kwamba uvumbuzi ni wake peke yake. Sera ya miliki bunifu ya chuo na mkataba wa ufadhili ndivyo vinavyoamua. Nchini Marekani, sheria ya Bayh-Dole ya mwaka 1980 iliviruhusu vyuo kumiliki uvumbuzi uliotokana na fedha za serikali kuu, na mfano unaopendwa kutajwa ni Stanford, kilichoipa Google leseni ya hataza, kikapokea hisa ambazo baadaye kiliziuza kwa takriban dola milioni 336. Ni mfano wa kweli, lakini ni nadra mno, na chuo kinachodai sehemu kubwa ya hisa kwa kuota fedha za namna hiyo huwafukuza wawekezaji kabla kampuni haijauza hata gunia moja.

Si kila utafiti unahitaji kampuni mpya. Ikiwa uvumbuzi ni kifaa kinachoboresha korona iliyopo, kumpa mwenye kiwanda leseni na kupokea mrabaha kunatosha. Kampuni inafaa pale ambapo hakuna aliyekwisha kuifanya biashara hiyo, na pale ambapo yupo mtu wa kuisimamia kila siku. Mtu huyo mara nyingi si profesa. Profesa ana vipindi, mitihani na wanafunzi wa uzamili. Anaweza kubaki mshauri mwenye hisa, huku mhitimu wake akilala Muheza, akibishana na madereva na kufuatilia alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Mgawanyo wa hisa kati yao uandikwe na kutiwa saini kabla ya kusajili kampuni, wakati bado wanakunywa chai pamoja.