Plusvalenza: faida ya daftarini iliyogeuka ugali wa soka ya Italia

Tarehe 29 Juni 2020 Juventus na Barcelona zilitangaza kubadilishana wachezaji wa kiungo. Miralem Pjanić, mwenye miaka 30, alikwenda Barcelona kwa euro milioni 60. Arthur Melo, wa miaka 23, akaja Turin, mji wa Juventus, kwa euro milioni 72. Toa moja kwenye nyingine utaona kwamba fedha iliyovuka mpaka kweli ni milioni 12 tu, na aliyeitoa ni Juventus. Hata hivyo Juventus hiyo hiyo, iliyoingiza mkono mfukoni, iliandika faida ya zaidi ya euro milioni 40 kutokana na mauzo ya Pjanić. Barcelona nao wakaandika faida yao kwa Arthur. Kesho yake, 30 Juni, klabu zote mbili zilikuwa zinafunga mwaka wa hesabu.

Faida ya namna hiyo Waitalia huiita plusvalenza. Kila kiangazi magazeti yao ya michezo hulitaja neno hili karibu kila siku, na mashabiki wa Milan na Turin hulitumia kwenye mabaa kama sisi tunavyotumia neno usajili. Ukitaka kuelewa kwa nini klabu zilizokuwa tajiri kuliko zote Ulaya leo zinauza nyota wao kwa timu za kati za England, naona hapa ndipo pa kuanzia.

Hesabu yenyewe si ngumu. Klabu ikinunua mchezaji, bei yake haiandikwi yote kuwa gharama ya mwaka ule. Inagawanywa kwa miaka ya mkataba. Chukua mchezaji wa euro milioni 50 aliyesaini miaka 5: kila mwaka klabu inaandika gharama ya milioni 10, na thamani yake daftarini inashuka kwa kiasi hicho hicho. Baada ya miaka 2 daftari linasoma milioni 30. Sasa aje mnunuzi na milioni 40. Shabiki kijiweni atasema klabu imepata hasara ya milioni 10, maana ilinunua kwa 50. Mhasibu atasema imepata faida ya milioni 10, maana daftarini alikuwa amebaki 30. Hiyo 10 ya mhasibu ndiyo plusvalenza.

Jambo la kushika hapo ni muda. Faida ya kuuza huingia yote kwa mkupuo, mwaka ule ule. Gharama ya kununua husambazwa miaka 4 au 5 mbele. Kwa hiyo klabu ikiuza na kununua kwa bei ile ile siku moja, mwaka huu itaonekana imenenepa, na mzigo utaanza kushuka polepole mwakani na kuendelea.

Na kuna jambo jingine ambalo mimi huniuma zaidi. Kijana aliyekulia kwenye timu ya watoto ya klabu hakununuliwa, kwa hiyo daftarini thamani yake ni sifuri au karibu na sifuri. Ukimuuza kwa milioni 20, zote 20 ni faida. Maana yake ni kwamba mchezaji ambaye mashabiki wanampenda kuliko wote, mtoto wa mtaani kwao, ndiye ambaye mhasibu anatamani auzwe kwanza. Ugonjwa huu haupo Italia peke yake. Tumeona Chelsea wakimuuza Mason Mount na Conor Gallagher, wote waliolelewa hapo hapo.

Plusvalenza yenyewe si dhambi. Juventus walimchukua Paul Pogba mwaka 2012 mkataba wake na Manchester United ulipokwisha, wakamlea, wakashinda naye mataji manne ya ligi mfululizo, kisha mwaka 2016 wakamrudisha kule kule alikotoka kwa euro milioni 105, rekodi ya dunia ya wakati huo. Hiyo ni biashara safi: jicho zuri, subira, fedha halisi benki. Kosa linaanza pale kitoweo kinapogeuzwa ugali, yaani klabu inapopanga bajeti ya mwaka kwa kutegemea kwamba lazima itauza mtu.

Walifikaje huko? Turudi nyuma kidogo. Kuanzia Napoli walipomchukua Diego Maradona kutoka Barcelona mwaka 1984, hadi Lazio walipomnunua Hernán Crespo mwaka 2000, rekodi ya uhamisho ya dunia ilivunjwa na Waitalia mara nyingi kuliko nchi nyingine yoyote. Roberto Baggio kwenda Juventus mwaka 1990. Papin, Vialli na Lentini, wote kiangazi kimoja cha 1992. Christian Vieri kwenda Inter mwaka 1999. Watu walizungumza juu ya “dada saba”: Juventus, Milan, Inter, Roma, Lazio, Parma na Fiorentina, timu saba ambazo kila moja ilianza msimu ikiamini kikombe kinaweza kuwa chake.

Lakini angalia fedha zilitoka wapi. Milan ilikuwa na Silvio Berlusconi na televisheni zake. Inter ilikuwa na Massimo Moratti na mafuta ya petroli ya familia yake. Parma ilikuwa mali ya familia ya Tanzi yenye kampuni ya maziwa ya Parmalat, na Lazio ilikuwa ya Sergio Cragnotti, mwenye Cirio, kampuni ya nyanya za makopo. Soka haikuwa ikijilisha. Ilikuwa inalishwa na tajiri, na mwaka ulipokuwa mbaya tajiri aliziba pengo. Cirio ilipoanguka mwaka 2002 na Parmalat mwishoni mwa 2003, mapengo yakabaki wazi. Fiorentina ilifilisika 2002 ikaanza upya daraja la nne. Napoli ikafuata mwaka 2004, ikarudi kucheza daraja la tatu. Parma, baada ya kuinuliwa tena, ilifikia hali ya kubadilisha wamiliki kwa bei ya euro 1 kabla haijafilisika mwaka 2015.

Serikali ilijaribu kuokoa jahazi kwa njia ambayo nadhani ilizidisha maradhi. Mwaka 2003 ilipitishwa sheria iliyopewa jina la “salva-calcio”, yaani okoa soka, iliyoziruhusu klabu kueneza hasara ya wachezaji walioshuka thamani kwa miaka 10. Tume ya Ulaya ikapinga, na baadaye muda huo ukapunguzwa hadi miaka 5. Badala ya kutafuta mapato, klabu zilipewa muda mrefu zaidi wa kuficha kwamba hayapo.

Na mapato ndiyo kiini. Kampuni ya Deloitte huorodhesha kila mwaka klabu kwa mapato yake, na haihesabu ada za kuuza wachezaji, kwa hiyo plusvalenza haina nafasi pale. Msimu wa 2004/05 Real Madrid ilikuwa ya kwanza kwa takriban euro milioni 276. Milan ilikuwa ya 3 kwa milioni 234, Juventus ya 4 kwa 229. Tofauti ya kuzibika. Msimu wa 2023/24 Real Madrid ilivuka bilioni 1. Milan, ya kwanza kati ya Waitalia, ilikuwa nafasi ya 13 kwa takriban milioni 398. Inter ya 14, Juventus ya 16. Juu ya Milan zilikuwepo klabu sita za England. Klabu za Italia hazikuacha kukua. Zilitembea wakati wenzao wanakimbia.

Viwanja vinaeleza sehemu kubwa. San Siro, kilichofunguliwa mwaka 1926, kwa miongo mingi kilikuwa mali ya jiji la Milan, na Inter na Milan wakawa wapangaji wawili wa nyumba moja. Mpangaji habomoi ukuta ili aongeze vyumba vya wageni mashuhuri, mgahawa, duka la jezi. Viwanja vingi vilivyojengwa au kukarabatiwa kwa Kombe la Dunia la 1990 vilikuwa vya manispaa pia, na baadhi, kama Delle Alpi cha Turin, vilikuwa na njia ya riadha iliyomweka shabiki mbali na mchezo. Juventus walikibomoa hicho, wakafungua chao mwaka 2011, chenye viti takriban 41,000. Udinese, Atalanta na Sassuolo wakapata vyao kwa njia tofauti. Wengine wengi bado wanalipa kodi ya pango. Arsenal walikuwa wameingia Emirates mwaka 2006, na Bayern wako Allianz Arena tangu 2005.

Kwenye televisheni nako walichelewa. Ligi Kuu ya England iliuza haki zake kwa pamoja tangu ilipoanzishwa mwaka 1992. Italia, kuanzia 1999, kila klabu iliuza kivyake, wakubwa wakala kwa vijiko vikubwa na wadogo wakalamba sahani, hadi mauzo ya pamoja yaliporudi msimu wa 2010/11. Leo Serie A, ligi kuu ya Italia, inapata takriban euro milioni 900 kwa msimu kutoka soko la nyumbani. England, kwa soko la nyumbani peke yake, ina mkataba wa pauni bilioni 6.7 kwa misimu minne kuanzia 2025. Ongeza kashfa ya upangaji wa waamuzi ya 2006, iliyoishusha Juventus daraja, na utaelewa wadhamini walikuwa wanaona nini.

Pengo likabaki, na njia ya haraka ya kuliziba ikawa kuuza. Kaká kwenda Real Madrid mwaka 2009. Ibrahimović na Thiago Silva kwenda PSG mwaka 2012, kwa pamoja. Inter walitwaa ubingwa mwaka 2021 na kiangazi hicho hicho wakawauza Hakimi na Lukaku. Ila mimi nitamtaja Sandro Tonali. Alikuwa shabiki wa Milan tangu utotoni, na mwaka 2021 alikubali kupunguziwa mshahara ili klabu imnunue moja kwa moja kutoka Brescia. Miaka 2 baadaye, Milan ikiwa imetoka kucheza nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, aliuzwa Newcastle kwa takriban euro milioni 70. Newcastle hawajawahi kutwaa kombe hilo. Milan wanayo 7.

Kisha kuna plusvalenza chafu. Bei ya mchezaji hakuna duka linaloipanga. Klabu mbili zikikubaliana kwamba kijana asiyejulikana ana thamani ya milioni 8, na wa upande wa pili naye ni milioni 8, kila moja inaandika faida bila senti kutembea. Nani atathibitisha kwamba hawastahili? Chievo walipokwa pointi 3 mwaka 2018 kwa biashara zao na Cesena. Juventus waliachiwa huru mwaka 2022 kwa sababu hiyo hiyo ya kukosekana kipimo cha bei; kesi ikafunguliwa upya waendesha mashtaka wa Turin walipotoa nyaraka na mazungumzo ya simu yaliyonaswa. Bodi nzima ikajiuzulu Novemba 2022. Januari 2023 walipokwa pointi 15, Aprili wakarudishiwa, Mei wakapokwa 10, na msimu ukaishia nafasi ya 7.

Adhabu kubwa zaidi lakini imo ndani ya hesabu yenyewe. Arthur alisaini miaka 5. Milioni 72 gawa kwa 5 ni zaidi ya milioni 14 kila mwaka, kabla ya mshahara. Faida ya Pjanić ililiwa yote mwaka 2020. Gharama ya Arthur ilibaki mezani. Mwaka 2022 alipelekwa Liverpool kwa mkopo, akacheza dakika 13 msimu mzima. Ili kubeba mzigo kama huo mwaka unaofuata, klabu inahitaji plusvalenza nyingine, nayo inaleta mzigo wake.

Klabu ya Italia ilitwaa Ligi ya Mabingwa mara ya mwisho mwaka 2010. Ilikuwa Inter, na kikosini alikuwemo Mkenya McDonald Mariga, aliyetoka Parma Januari ile. Tangu hapo Juventus wamepoteza fainali mbili na Inter mbili, ya mwisho 5-0 mbele ya PSG mjini Munich mwaka 2025.

Miezi michache baada ya kipigo hicho, baraza la jiji la Milan lilipiga kura kuziuzia Inter na Milan San Siro na eneo lake kwa euro milioni 197. Hati ilisainiwa Novemba 2025, na mpango ni kujenga uwanja mpya pembeni na kubomoa sehemu kubwa ya ule wa zamani. Juventus walikuwa na miaka 14 tayari kwenye wao.