Lady Bird Johnson na Wakati wa Kufyeka

Wengi waliosikia habari za Lady Bird Johnson, mke wa Rais Lyndon Johnson wa Marekani, humkumbuka kwa sheria ya mwaka 1965 iliyokusudia kuondoa mabango ya matangazo kando ya barabara kuu. Mimi ambaye kazi yangu ni vitalu vya mimea ya asili naona kwamba kumbukumbu hiyo imeshika tawi jembamba la mti. Kazi yake iliyozama zaidi ilihusu mbegu na wakati wa kufyeka majani, na sehemu yake kubwa aliifanya akiwa amekwisha kuondoka Ikulu.

Alizaliwa tarehe 22 Desemba 1912 huko Karnack, mashariki mwa Texas, akaitwa Claudia Alta Taylor. Hilo jina la Lady Bird alipewa utotoni na yaya wake, likamganda maisha yake yote. Mama yake alifariki mwaka 1918, mtoto akiwa na miaka 5, naye akakua akitembea peke yake misituni na kwenye kingo za ziwa Caddo, ambako miti husimama ndani ya maji. Alisoma historia na uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin, akaolewa mwaka 1934, na mwaka 1943 akatumia fedha za urithi kununua kituo kidogo cha redio ambacho baadaye kiliitajirisha familia. Nataja hili la redio kwa sababu linaonyesha kwamba alijua hesabu na uendeshaji wa shughuli kabla hajafikiria kuongoza jambo lolote la umma.

Akiwa mke wa rais aliunda kamati ya kupendezesha jiji la Washington, na ndani ya kamati hiyo palikuwa na mielekeo miwili. Mary Lasker, tajiri mwenye kupenda maua, alitaka yapandwe kwa wingi mahali wanapopita wageni, na ndipo tulipu, daffodili na azalia zikajaa kwenye bustani za katikati ya jiji. Walter Washington, ambaye baadaye aliliongoza jiji hilo, alitaka nguvu ielekezwe kwenye mitaa ya watu maskini, ambao wengi wao walikuwa Weusi, isafishwe pamoja na viwanja vya shule zao. Lady Bird aliisikiliza mielekeo yote miwili. Katika shajara yake ya mwaka 1965 aliandika kwamba suala hili ni kama nyuzi za sufi zilizosokotana, kwa kuwa ukivuta uzi mmoja unafuatwa na uchafuzi wa mazingira, afya ya akili, uhalifu, usafiri na umaskini. Neno lenyewe la kupendezesha hakulipenda, kwa sababu lilifanya kazi nzito ionekane kama kupaka poda usoni.

Sheria ya barabara ilitiwa saini tarehe 22 Oktoba 1965. Ilizuia mabango ndani ya futi 660, yaani takriban mita 200, kutoka ukingo wa barabara kuu, na ikaagiza majalala ya magari chakavu yafichwe nyuma ya uzio. Wenye mabango, hata hivyo, walipigania maslahi yao bungeni mpaka maeneo ya biashara na viwanda yakaachwa nje ya katazo, na serikali ikabanwa kuwalipa fidia kwa kila bango litakaloondolewa. Fedha za fidia hazikutosha, na mabango mengi yakabaki yalipokuwa. Wakati wa mjadala, mbunge Bob Dole wa Kansas alipendekeza kwa kejeli kwamba mahali palipoandikwa waziri wa biashara pasomeke Lady Bird. Mama huyo alistahimili dhihaka hiyo kimya, nami namheshimu kwa hilo.

Mumewe alipotoka madarakani mwaka 1969, walirudi shambani kwao Stonewall, Texas. Mwaka huohuo alianza kuwatuza kila mwaka wafanyakazi wa barabara wa jimbo lake waliofanya vizuri katika kulinda maua ya mwituni. Hapa ndipo mtaalamu wa mimea anapaswa kusimama na kutazama kwa makini. Ua mashuhuri la Texas ni lupini ya bluu ambayo wenyeji huiita bluebonnet, mmea wa jamii ya mikunde. Mbegu yake ina ganda gumu mno, kiasi kwamba maji hayapenyi mpaka ganda likwaruzike, na kwa sababu hiyo msimu mmoja huota baadhi tu, nyingine zikingoja udongoni. Sisi huku tunalijua jambo hilo kupitia migunga: katika kitalu changu mbegu hizo hulowekwa kwanza katika maji ya moto usiku kucha, na asubuhi zilizokubali huonekana zimevimba, ilhali zilizokataa ziko vilevile kama kokoto.

Lupini huota majira ya vuli na kuchanua mwezi Machi na Aprili. Mashine ya kufyekea ikipita maua yanapoanza kunyauka, wakati maganda yanayobeba mbegu bado mabichi, mbegu za mwaka mzima zimepotea. Ikingoja maganda yakauke na kupasuka, barabara hujipanda yenyewe. Idara ya barabara ya Texas ilikuwa na desturi hiyo ya kungoja tangu miaka ya 1930, lakini Lady Bird ndiye aliyewapa heshima hadharani wale waliokuwa wakiitekeleza kwenye jua.

Tarehe 22 Desemba 1982, siku alipotimiza miaka 70, alianzisha pamoja na mwigizaji Helen Hayes kituo cha utafiti wa maua ya mwituni, akitoa ekari 60 za ardhi karibu na Austin na dola 125,000. Mwaka 1987 sheria ya Marekani iliagiza kwamba angalau robo ya asilimia moja ya fedha za kupanda mimea kando ya barabara zinazojengwa kwa msaada wa serikali kuu itumike kwa maua ya asili.

Macho yake yalififia uzeeni hata akawa haoni vizuri, na mwaka 2002 kiharusi kikamnyang'anya usemi. Kituo chake kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Texas mwaka 2006. Alifariki tarehe 11 Julai 2007, akiwa na miaka 94, na akazikwa Stonewall.