Kamera Iliyofungwa Mtini na Haki ya Mawindo: Dhana Potofu na Ukweli

Ni kisanduku cha ukubwa wa kitabu kinene, kimepakwa rangi za magome na majani makavu, kimefungwa kwa mkanda kwenye shina la mti. Ndani yake mna betri, kadi ya kumbukumbu, lenzi na kihisi cha joto. Mnyama akikatiza mbele yake, kihisi hugundua kwamba joto la mwili tofauti na la mazingira limehama ghafla, na kabla sekunde haijaisha picha imekwisha kupigwa, ikiwa na tarehe, saa, na mara nyingi hata hali ya joto la hewa na umbo la mwezi wa usiku huo. Mambo ambayo mwindaji wa zamani aliyapata kwa kuamka alfajiri nyingi, akisoma nyayo, kinyesi na majani yaliyolaliwa, kisanduku hiki humkusanyia yeye akiwa amelala.

Kamera hizi za kutegesha zimezua mabishano makali miongoni mwa wawindaji, hasa katika majimbo ya magharibi mwa Marekani, na sehemu kubwa ya mabishano hayo imejengwa juu ya mambo yasiyo sahihi, yanayosemwa na wanaozitetea na wanaozilaani vilevile.

Dhana: Kamera haiui, kwa hiyo haihusiki na maadili ya uwindaji

Hoja hii huonekana nzito mpaka mtu akumbuke kwamba mipaka ya uwindaji haijawahi kuishia kwenye silaha. Ndege nayo haiui. Hata hivyo, Marekani ina sheria ya mwaka 1971 inayokataza kupiga au kusumbua wanyama kutoka angani, na huko Alaska mtu aliyeruka kwa ndege ndogo haruhusiwi kuwinda wanyama wakubwa hadi saa tisa usiku wa kuamkia siku inayofuata. Kanuni hiyo ya Alaska inastahili kuangaliwa vizuri, kwa sababu haimkatazi mwindaji kupanda ndege wala kutazama chini. Inachokifanya ni kuingiza usiku kati ya kuona na kufyatua risasi, ili dubu au kulungu mkubwa wa kaskazini aitwaye moose aliyeonekana kutoka juu apate saa kadhaa za kuwa mahali pengine.

Mfano mwingine ni wa Texas, ambako karibu mwaka 2005 ilizuka tovuti iliyomwezesha mteja aliyeketi mbele ya kompyuta yake kulenga na kufyatua bunduki halisi iliyofungwa shambani mbali naye. Bunduki ilikuwa bunduki na risasi ilikuwa risasi, lakini wawindaji wenyewe walikuwa miongoni mwa waliopaza sauti, na majimbo mengi yakaupiga marufuku uwindaji wa namna hiyo. Kilichowaudhi ni kwamba kila kitu kilichomfanya mtu kuwa mwindaji kilikuwa kimeondolewa, kikabaki kidole tu.

Klabu ya wawindaji ya Boone and Crockett, iliyoanzishwa mwaka 1887 na Theodore Roosevelt pamoja na George Bird Grinnell, imekuwa ikitetea kwa zaidi ya karne moja kile inachokiita uwindaji wa haki, yaani kumfuata mnyama wa porini aliye huru kwa njia ya kimaadili, ya kiungwana na halali, isiyompa mwindaji faida isiyostahili juu ya mnyama huyo. Maneno hayo hayataji bunduki wala mshale. Yanataja faida, na taarifa ni faida.

Dhana: Kamera zote ni sawa, ukikubali moja umezikubali zote

Hapa ndipo mabishano mengi yanapopotelea, nami naona ndipo penye kiini cha suala lote. Kuna kamera inayohifadhi picha kwenye kadi. Ili azione, mwenye kamera lazima aingie porini, atembee hadi kwenye mti, afungue kisanduku, atoe kadi na kuisoma, na atakachokuta ni habari za siku au wiki zilizopita: kulungu dume alipita hapa Jumanne saa kumi na moja alfajiri, akarudi Ijumaa. Hiyo ni habari ya mazoea ya mnyama. Haimwambii mwindaji mnyama yuko wapi sasa.

Halafu kuna kamera iliyounganishwa na mtandao wa simu, ambayo hutuma picha kwenye simu ya mwindaji muda mfupi tu baada ya kupigwa. Watetezi wake husema kwamba picha ikifika mnyama ameshaondoka, kwa hiyo haina tofauti na ile ya kadi. Kwa kamera moja iliyoko mbali sana na mwindaji, wana haki ya kusema hivyo. Lakini mchukue mwindaji mwenye kamera kumi kwenye vyanzo kumi vya maji katika nchi kame. Jioni amekaa ndani ya gari kwenye njia panda, simu iko mkononi. Inalia: dume lenye pembe pana limeinamia maji kwenye bwawa la nne, na bwawa la nne liko mwendo mfupi tu kutoka alipo. Mnyama aliyekuja kunywa hasimami mara moja na kukimbia. Hunywa, huinua kichwa, husikiliza, hunywa tena, kisha huondoka polepole akila njiani. Mwindaji huyu hakusoma upepo wala nyayo, na hakulazimika kuchagua bwawa moja na kuyaacha tisa. Kutojua kulikokuwa kunamlinda mnyama kumefutwa na ujumbe mmoja.

Kwa hiyo swali la maadili halihusu sana kisanduku chenyewe. Linahusu muda unaopita kati ya picha na risasi. Ndivyo wanavyolitazama hata baadhi ya watunga kanuni: New Hampshire imekataza kutumia kamera zinazotuma picha moja kwa moja kumpata mnyama na kumwinda siku hiyohiyo, jambo linalofanana sana na usiku wa Alaska.

Dhana: Mwenye kamera ameshashinda kabla ya kutoka nyumbani

Kosa hili ni la upande wa pili, la wale wanaoamini kwamba kamera imeufanya uwindaji kuwa kazi ya kwenda kuchukua mzigo. Kihisi huona umbali wa mita chache, mara nyingi zisizozidi 30, ndani ya pembe nyembamba. Mnyama anayepita nyuma ya mti ule ule hatapigwa picha. Madume yaliyokomaa hutembea sana usiku, na picha mia za saa nane usiku hazimsaidii mtu anayeruhusiwa kupiga wakati wa mwanga tu. Upepo ukigeuka, kamera haina la kufanya.

Isitoshe, kamera ilianza kama mbadala wa bunduki. George Shiras wa Tatu, mwanasheria wa Pennsylvania aliyewahi kuwa mbunge, alikuwa mwindaji kabla ya kuanza kuwapiga picha kulungu usiku kwenye ufuko wa Whitefish Lake huko Michigan, kwa taa na kwa kamera zilizofyatuliwa na mnyama mwenyewe alipogusa uzi. Mwaka 1906 jarida la National Geographic lilichapisha picha zake 74, na yeye akawa mmoja wa watu waliopigania sheria za kuwalinda ndege wahamao. Chombo kilekile leo hufungwa mtini na mtafiti wa chui milia na mtu anayetafuta pembe za kutundika ukutani.

Dhana: Mnyama hajui kama kamera ipo

Wauzaji hupenda kusema hivyo, na wawindaji hupenda kuamini. Mwaka 2014 mtafiti wa Australia Paul Meek na wenzake walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba kamera hizi hutoa sauti zilizo ndani ya uwezo wa kusikia wa mamalia wengi, na kwamba mwanga wake unaweza kuonwa na spishi nyingi. Taa zake za usiku zenye mawimbi ya mwanga ya urefu wa nanomita 850 huacha wekundu hafifu ambao hata jicho la mwanadamu huuona gizani. Zile za nanomita 940 hatuzioni sisi, lakini hilo halithibitishi kwamba kila kiumbe hazioni. Kwa kamera za kadi kuna usumbufu mwingine, nao ni binadamu anayekwenda na kurudi kuzikagua, akiacha harufu na kelele mahali ambapo mnyama alikuwa akipaona salama. Hapa pana kinaya ambacho wenye kamera za simu hukitumia vizuri: kamera yao humsumbua mnyama kidogo zaidi, kwa sababu hakuna anayelazimika kuifuata. Ni kweli. Kamera inayomsumbua mnyama kidogo ndiyo hiyohiyo inayompunguzia nafasi ya kuponyoka, na anayechagua kati ya hizo mbili anapaswa kuyapima mambo yote mawili.

Dhana: Marufuku zimeletwa na wasiopenda uwindaji

Historia ya karibuni inasema vingine. Arizona ilianza mwaka 2018 kwa kukataza kamera zinazotuma picha moja kwa moja. Mwezi Juni 2021 tume yake ya wanyamapori ilipiga kura 5 kwa 0 kukataza kamera za aina zote kwa ajili ya kuwinda au kusaidia kuwinda, na kanuni ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Tume hiyo husimamia leseni za uwindaji. Haiwezi kuitwa adui wa wawindaji. Sababu zake zilitokana na jiografia: katika nchi ya jangwa wanyama hawana hiari ya kukwepa maji, na vyanzo vya maji vilikuwa vimezungukwa na kamera za watu tofauti, kila mmoja akija kukagua ya kwake, wakigombana wao kwa wao na kuwafukuza wanyama na mifugo kwenye maji waliyoyahitaji. Kanuni inaangalia lengo: mfugaji anayechunga birika la ng'ombe wake kwa kamera, au mtafiti, haguswi.

Majimbo mengine yalichagua njia zao. Nevada inazikataza kwenye ardhi ya umma kuanzia tarehe 1 Agosti hadi 31 Desemba, na zinazotuma picha kuanzia tarehe 1 Julai. Utah iliamua Januari 2022, kwa kura 4 kwa 3, kuzikataza katika uwindaji wa wanyama wakubwa kuanzia tarehe 31 Julai hadi mwisho wa mwaka. Kansas ilizuia matumizi yake kwenye ardhi za umma zinazosimamiwa na idara yake ya wanyamapori mwaka 2023. Kura ile ya Utah yenyewe inaonyesha kwamba hata watu wanaoujua uwindaji kwa undani hawakukubaliana.

Dhana: Picha nyingi maana yake wanyama wengi

Dume moja lenye kupenda njia moja linaweza kujaza kadi nzima. Wanasayansi huhesabu kwa kumtambua kila mnyama mmoja mmoja, kama Ullas Karanth alivyofanya kwa chui milia wa Nagarahole nchini India, akitumia michirizi yao ambayo hailingani kwa wanyama wawili, kisha akapiga hesabu ya walioonekana tena na wasioonekana. Mwindaji asiye na mpango wa namna hiyo ana albamu, hana takwimu. Hata hivyo, albamu hiyo ina matumizi ya kiungwana yasiyopaswa kudharauliwa: dubu jike aliyepita peke yake mbele ya bunduki anaweza kuonekana kwenye picha ya juzi akiwa na watoto wawili nyuma yake, na mwindaji aliyeiona picha hiyo atashusha silaha.

Dhana: Porini hakuna faragha ya mtu

Kihisi cha joto hakitofautishi kulungu na mwanamke anayeokota kuni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha mwaka 2024 matokeo kutoka hifadhi ya Corbett nchini India, ambako kamera zilizowekwa kwa ajili ya wanyama zilitumika kuwaangalia wanawake wa vijijini. Picha ya mmoja wao akiwa hajavaa vizuri ilisambazwa mitandaoni. Wanawake waliohisi kuangaliwa waliacha kuimba na kuongea kwa sauti msituni, ingawa sauti hizo ndizo zilizokuwa zikiwatahadharisha chui milia na tembo. Kamera za Corbett hazikuwa za wawindaji, lakini ya mwindaji kwenye ardhi ya umma hunasa wapita njia kwa namna ileile, na mara nyingi hakuna anayejua ni ya nani wala picha zinakwenda wapi.

Dhana: Pale sheria inaporuhusu, hakuna la kujadili

Majimbo mengi ya Marekani bado yanaruhusu kamera za simu, na mwindaji anayezitumia huko havunji sheria yoyote. Akimpata mnyama mwenye pembe za kuvunja rekodi na kuzipeleka Boone and Crockett, ataulizwa alimpataje. Ikiwa aliongozwa na picha iliyotumwa papo hapo, pembe hizo hazitaingia kwenye kitabu cha rekodi cha klabu hiyo, hata kama leseni yake ilikuwa sahihi na jimbo lake halikuwa na kipingamizi. Baadhi ya wawindaji wameamua wenyewe mapema zaidi: hufunga kamera zao wakati wa kiangazi, huwajua wanyama wa eneo lao, na siku chache kabla ya msimu hupita mti kwa mti wakizifungua na kuzirudisha nyumbani.