Mvujo wa umeme katika kamera ya filamu: maana yake na jinsi ya kuupima

Mvujo wa umeme ni mkondo unaoendelea kutoka katika betri wakati kamera haifanyi kazi yoyote: haipimi mwanga, haifungui shata (pazia linaloruhusu mwanga kuifikia filamu), imewekwa tu kabatini. Watu wengi huuchanganya na matumizi ya kawaida, au na betri kuchakaa kwa umri wake. Ni kweli kwamba betri hupungua nguvu hata ikiwa ndani ya pakiti, lakini upungufu huo huchukua miaka. Betri mpya inayoisha kwa wiki moja ndani ya kamera isiyotumika imenyonywa na kitu.

Hesabu ndogo huonyesha uzito wa jambo hili. Betri ya LR44, ile ndogo yenye umbo la kifungo, ina uwezo wa takriban miliampea-saa 150. Kamera ikivuta mikroampea 10, betri itadumu kama saa 15,000, yaani zaidi ya mwaka mmoja na nusu, na hakuna atakayelalamika. Ikivuta miliampea 1, yaani mikroampea 1,000, saa ni 150 tu, ambazo hazifiki hata siku saba.

Kabla ya kuutafuta ubovu, ni lazima kujua kamera yenyewe huzimwa vipi, kwa sababu mara nyingi hakuna kilichoharibika. Pentax K1000, iliyotoka mwaka 1976, haina swichi ya kuzima kipima mwanga. Seli yake ya kupokea mwanga huwa na ukinzani mkubwa gizani na mdogo penye mwanga, kwa hiyo kifuniko cha lenzi ndicho swichi, na anayeiacha lenzi wazi rafuni anaimaliza betri bila kujua. Katika Nikon FM ya mwaka 1977, kipima mwanga huwashwa kwa kuuvuta kidogo nje mkono wa kusogezea filamu, nacho hubaki kimewaka hadi mkono urudishwe. Shata ya FM hufanya kazi bila betri, hivyo mwenyewe anaweza kuendelea kupiga picha siku nyingi bila kutambua kwamba betri imekwisha. Canon AE-1, ambayo shata yake inategemea umeme, husimama kabisa.

Mvujo ulio ubovu hasa hutokana na swichi chafu isiyokatika sawasawa, kitufe cha shata kilichokwama nusu, kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme) iliyozeeka, au mabaki ya betri iliyowahi kutoa maji ndani ya kamera. Haya ya mwisho yanastahili uangalifu mkubwa. Maji ya betri ya alkali yana hidroksaidi ya potasiamu, ambayo hunyonya unyevu wa hewa na kuweza kuufanyia umeme njia mahali pasipotakiwa. Uchafu huohuo, ukikauka juu ya ncha za betri, huweza kufanya kinyume chake na kuuzuia mkondo, kamera ikaonekana kama imemaliza betri ilhali betri ni nzima. Kwa hiyo betri itolewe na kupimwa kwanza. Ikiwa ni LR44 na inaonyesha karibu volti 1.5, tatizo huenda liko kwenye mguso, si kwenye mvujo, na betri hiyo haistahili kutupwa.

Kipimo cha mvujo hufanywa kwa multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme, iliyounganishwa kwa mfululizo, ili mkondo wote upite ndani yake. Katika kamera ambazo kifuniko cha betri ni sehemu ya saketi, kifuniko huondolewa, waya mmoja ukagusishwa kwenye betri na mwingine kwenye chuma ambacho kifuniko hukigusa. Anza na kiwango cha juu cha ampea ili usiunguze fyuzi, kisha shuka. Lenzi iwe imefunikwa na swichi zote zimezimwa. Namba ya kwanza isiaminiwe, kwani huenda kapasita zinajaa, subiri itulie. Baada ya hapo sogeza swichi na mkono wa filamu kimoja kimoja, kwa kuwa sehemu inayoibadilisha namba bila sababu ndiyo ya kushukiwa.

Ncha zenye unga mweupe au wa kijani husafishwa kwa pamba yenye siki kidogo, zikafutwa kwa spiriti na kukaushwa vizuri, kisha kipimo kikarudiwa. Mkondo ukibaki ni wa miliampea, huenda mabaki yamefuata waya hadi chini ya kifuniko cha juu cha kamera, na kufungua huko ni kazi ya fundi. Hadi atakapoifungua, betri ikae nje.