Mfuko wa wanawake: si mkopo, ni ruzuku

Ukimtajia Mtanzania au Mkenya "mfuko wa wanawake", kwanza atawaza mkopo. Hana kosa. Halmashauri za Tanzania hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya kukopesha vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kenya nayo ina mfuko wa serikali wa kuwakopesha wanawake wajasiriamali tangu 2007. Pesa zote hizo ni za kurudisha.

Ila katika shughuli za hisani jina hilo lina maana nyingine. Mfuko wa wanawake ni taasisi inayoongozwa na wanawake, ambayo huchangisha pesa kwa watu binafsi, kampuni na wafadhili wakubwa, kisha huzigawa kama ruzuku kwa vikundi na mashirika ya wanawake. Ruzuku hairudishwi. Kinachodaiwa ni taarifa ya kazi na hesabu zake.

Kuchangisha kwenyewe si jambo geni kwa wanawake wa kwetu. Kijiji kikijenga zahanati, mara nyingi ni wao wanaopita nyumba kwa nyumba na daftari, wanaosomba maji na mchanga, na siku ya harambee ni wao wanaoimba na kuwapikia wageni pilau. Ikifika zamu ya kuchagua watia saini wa akaunti, wanaume wanajaa, na mama mmoja anawekwa kuwa mhazini kwa kuwa "akina mama hawali pesa". Sifa nzuri hiyo, lakini mhazini anatunza tu kilichokwisha kuamuliwa na wengine. Katika mfuko wa wanawake, wanaosoma maombi na kusema kikundi kipi kipewe, kiasi gani na kwa kazi gani, ni wanawake wenyewe. Kwangu mimi hapo ndipo uongozi ulipo. Hayo ya kuchangisha tulikuwa tunayafanya siku zote.

Mifuko ya namna hii ilianza kuonekana Marekani na Ulaya miaka ya 1970 na 1980. Mama Cash ya Amsterdam ilianzishwa 1983 na wanawake watano, na mmoja wao, Marjan Sax, alikuwa amerithi mali ya familia akaamua kuitoa kwa ajili ya harakati za wanawake. Global Fund for Women ikafuata California mwaka 1987, ikiwa na nia ya kufikisha pesa kwa vikundi vya nchi nyingine.

Bara letu lilipata mfuko wake mwaka 2000, pale African Women's Development Fund, wenye makao Accra, ulipoanzishwa na wanawake watatu: Bisi Adeleye-Fayemi wa Nigeria, Joana Foster wa Ghana na Hilda Tadria wa Uganda. Adeleye-Fayemi alikuwa kiongozi wa Akina Mama wa Afrika, shirika lililozaliwa Uingereza mwaka 1985 na ambalo sasa liko Kampala. Tanzania ina Mfuko wa Wanawake Tanzania tangu 2008, na kati ya waanzilishi wake ni Mary Rusimbi, ambaye kabla ya hapo aliongoza Mtandao wa Jinsia Tanzania, TGNP.

Kwa nini isitoshe kwenda kwa mfadhili wa kawaida? Chukua kikundi cha wanawake kumi na watano wilayani kinachosaidia wajane waliofukuzwa kwenye mashamba ya marehemu waume zao. Mfadhili mkubwa anataka hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu na andiko la mradi la kurasa arobaini, tena kwa Kiingereza. Akikubali, atalipia semina, posho na mabango. Kodi ya chumba cha ofisi hailipii, wala vocha ya simu, wala nauli ya kumsindikiza mjane baraza la ardhi kesi ikiahirishwa kwa mara ya nne. Na kazi yenyewe ni hiyo nauli! Mifuko ya wanawake hujaribu kutoa ruzuku ndogo kwa masharti mepesi, na mingine huruhusu pesa ilipie uendeshaji wa kila siku.

Isidhaniwe kwamba mambo yamenyooka. Mifuko mingi ya Afrika bado inategemea serikali na taasisi za Ulaya na Marekani, na sera ikibadilika huko, bajeti inatikisika huku. Kuchangisha nyumbani ni kugumu zaidi kuliko inavyosemwa kwenye makongamano. Mtu atatoa laki moja ya harusi ya mtoto wa jirani bila kuuliza, maana kesho na yeye ataleta kadi yake. Mwombe elfu tano kwa ajili ya kesi ya mjane asiyemjua, atauliza kwanza kama mume aliacha wosia.