Sebule Nzuri na Mnyama Ndani: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Kochi jipya likishushwa mlangoni, mara nyingi anayetolewa nje ni paka. Nimeliona hilo Njiro, Arusha, nimeliona Shanty Town, Moshi, na kila mara linaniuma, kwa sababu anayeondolewa amehukumiwa kwa mambo yasiyo ya kweli. Kazi yangu ni kuwapangia watu sebule: kuchagua vitambaa, kuelewana na fundi, kupanga meza na mapazia. Nyumba inaweza kuwa ya kisasa na ya kuvutia huku paka amelala dirishani na mbwa amejilaza karibu na mlango. Vyombo huharibika zaidi kwa yale tunayoyaamini wakati wa kununua, kupanga na kusafisha.

"Paka anaparua kochi kwa ukorofi"

Paka akiparua anafanya mambo matatu kwa mpigo. Anavua ganda kuukuu la ukucha ili ukucha mpya uliomo ndani utokeze. Anajinyoosha mgongo na mabega, ndiyo maana huparua zaidi mara tu anapoamka. Tena, kwenye nyayo zake kuna tezi zenye harufu, kwa hiyo anaacha alama kwamba hapa ni kwake. Kona ya kochi inampa yote hayo: imesimama, haiyumbi, na ipo pale ambapo watu wote wanapita. Kumchapa hakumwondolei haja hiyo. Ataanza kukuogopa wewe, na ataparua ukiwa kazini.

Mpe nguzo yake. Iwe na urefu wa sentimita 80 hadi 90 hivi ili ajinyooshe mpaka mwisho, kitako kiwe kizito isiyumbe, na izungushiwe kamba ya katani kutoka chini hadi juu. Seremala yeyote wa Ngarenaro au Majengo anaweza kuitengeneza kwa vipande vya mbao vilivyobaki kwenye kazi nyingine. Mimi hufurahi kila ninapoagiza nguzo hizi, kwa sababu kitu ambacho wafugaji wa paka wa nchi za mbali wanakitafuta ni zao letu: mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliuleta mkonge kutoka Florida mwaka 1893, ukapandwa upande wa Tanga, na leo kamba yake haikosekani kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Ukiwa Moshi, hata gunia kuukuu la kahawa, lile la kilo 60, likikazwa vizuri kwenye ubao na kupigiliwa ukutani linafanya kazi hiyo hiyo, na linapendeza kwa macho.

Wengi hukosea mahali pa kuiweka. Nguzo ikifichwa stoo au nyuma ya friji, paka hana habari nayo. Iweke bega kwa bega na kona anayoiparua sasa, na nyingine karibu na anapolala. Akishaizoea ndipo uisogeze, kidogo kidogo.

Kuna wanaouliza kama kucha zinaweza kung'olewa kabisa. Nawaomba wasilifikirie hilo. Ukucha wa paka umeota kwenye mfupa, hivyo kuung'oa ni kukata pingili ya mwisho ya kila kidole. Uingereza imepiga marufuku, na jimbo la New York likafuata mwaka 2019. Ukitaka kupunguza makali, kata ncha tu, ile sehemu angavu, bila kugusa sehemu ya waridi yenye damu.

"Ukiwa na mnyama, nunua kochi la ngozi"

Ngozi halisi ina sifa moja nzuri: manyoya hayashiki na mate yanafutika. Lakini kucha zikipita juu yake huacha mchirizi usiofutika, na ile ngozi bandia inayouzwa zaidi hutoboka, kisha huanza kubanduka kuanzia kwenye kitobo.

Kitambaa kinachovumilia kuliko watu wanavyodhani ni mahameli, ile ya nywele fupi iliyofumwa kwa kubana. Haina vitanzi vya kunasia ukucha. Cha kukimbia ni kitambaa cha vifundo vifundo kinachofanana na manyoya ya kondoo, ambacho siku hizi kila bibi harusi anakitaka. Kila kifundo ni kitanzi, na kila kitanzi ni mwaliko kwa paka. Dukani pitisha ukucha wako mwenyewe juu ya kitambaa kwa nguvu kidogo. Ukinasa, jibu umeshalipata.

Mwambie fundi aweke zipu kwenye foronya za mito yote, ya kukalia na ya kuegemea, ziweze kuvuliwa na kufuliwa. Ainue miguu ya kochi kiasi cha fagio kupita chini. Juu yake tandika kitenge kizito au shuka la Kimasai. Masika yakiingia, na mbwa akarudi na tope la Machi mpaka Mei, kinachofuliwa ni shuka. Kwa meza na viti, mninga hustahimili kucha kuliko paini, ambayo ni laini na hubonyea kwa urahisi. Tena mbao iliyopakwa mafuta unaipiga msasa mahali palipochunika tu na kupaka upya, wakati vanishi ya kung'aa ikichanika mara nyingi hukulazimu kuikwangua ubao mzima.

"Mbwa akipanda kochi, ameshakupanda kichwani"

Imani hii ilitokana na uchunguzi wa mbwa mwitu wa nchi za baridi (si hawa wa kwetu wenye madoa). Mwaka 1947 mtafiti wa tabia za wanyama, Rudolf Schenkel, aliandika kuhusu mbwa mwitu waliofungiwa pamoja kwenye bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, wakigombania ukubwa. Watu wakaichukua picha hiyo wakaiingiza majumbani. Mwaka 1999 David Mech, mtafiti Mmarekani aliyewafuatilia wanyama hao porini kwa miaka mingi, akaeleza kwamba kundi la porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Mbwa anapanda kochi kwa sababu ni laini, lina joto, na lina harufu yako. Usiku wa Julai pale Arusha, nani asingepanda?

Kumruhusu au kumkataza ni uamuzi wa mwenye nyumba. Tatizo ni kumruhusu leo na kumfukuza kesho kwa sababu wageni wamekuja. Ukikataza, mpe godoro lake hapo hapo sebuleni, mahali anapowaona watu. Na kama nyumbani kwako panaswaliwa, au wageni wako ni Waislamu wanaojitenga na mate ya mbwa, hilo ni suala la imani na linastahili heshima. Tenga chumba au sehemu ya kuswalia ambayo mbwa haingii kabisa, na mpangilio wa nyumba ulionyeshe hilo tangu mwanzo.

Jambo jingine ni lile la "anajua amekosea, mtazame macho yake." Mtafiti wa tabia za mbwa, Alexandra Horowitz, alilipima mwaka 2009. Mbwa walionyesha sura ya hatia walipokaripiwa, hata wale ambao hawakuwa wamefanya kosa lolote. Mtoto wa mbwa anayetafuna mguu wa stuli kati ya miezi mitatu na saba anabadilisha meno, na fizi zinamuuma. Anahitaji kitu cha kutafuna, kigumu na salama.

"Mkojo unaondolewa na dawa kali"

Hapa naomba nisikilizwe kila neno, maana uzuri wa nyumba na uhai wa mnyama vinakutana.

Dawa zenye amonia zina harufu inayokaribiana na ya mkojo, kwa hiyo unapozitumia unamwalika arudie palepale. Dawa ya klorini ya kung'arisha nguo ikikutana na amonia, hata ile inayotokana na mkojo wenyewe, hutoa hewa yenye sumu inayochoma mapafu ya watu na wanyama. Halafu kuna dawa za kuua vijidudu zinazogeuza maji kuwa meupe, kama Dettol, ambazo karibu kila nyumba inazo. Zina kemikali za jamii ya fenoli, na ini la paka ni dhaifu sana katika kuzivunja. Paka hanywi ndoo ya deki. Anatembea kwenye sakafu mbichi, kisha anajilamba nyayo, na anaumwa bila mtu kujua chanzo.

Kwa kochi na zulia, kandamiza kwa kitambaa kikavu mpaka unyevu uishe, usisugue. Suuza kwa maji baridi, kisha tumia sabuni yenye vimeng'enya, vile vinavyoyavunja mabaki ya mkojo badala ya kuyafunika kwa manukato. Paka aliyezoea beseni lake la mchanga akianza ghafla kukojoa kwenye kochi, mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla ya kulaumu tabia. Mara nyingi kibofu kinamsumbua.

"Viroboto wapo kwa mbwa, nyumba ni safi"

Kiroboto jike hutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku, na hayo hudondoka popote mnyama anapolala. Wengi wao, wakiwa mayai, viwavi na mabuu, wapo kwenye zulia na nyufa za kochi. Buu ndani ya kifuko chake anaweza kusubiri kwa miezi, na huamshwa na joto na mtikisiko wa hatua. Ndiyo maana familia inafunga nyumba Arusha mwezi Desemba, inapanda Marangu au Rombo kula Krismasi, na ikirudi Januari inapokewa na viroboto miguuni ingawa mbwa hakuwepo. Piga mashine ya kufyonza vumbi kila baada ya siku chache, fua matandiko kwa maji ya moto, mtibu mnyama na nyumba kwa pamoja.

Na tafadhali, usichukue dawa ya kuogeshea ng'ombe, wala dawa ya mbwa yenye pamethrini (permethrin, kemikali ya kuua wadudu), ukampaka paka. Hutetemeka, hupata degedege, na anaweza kufa.

"Manyoya ndiyo yanaleta pumu"

Kinachowasumbua wenye mzio ni protini iliyo kwenye mate na ngozi ya paka. Kumnyoa hakusaidii. Kupunguza mazulia na mapazia mazito kunasaidia zaidi, na sakafu ya marumaru ikipigwa deki ya maji ni rafiki yao mkubwa.

"Mimea ya ndani ni pambo tu"

Moshi napenda kuona masale sebuleni. Kwa Wachaga ni mmea wa kuombea msamaha na kuweka mpaka wa shamba, na kwenye chungu kizuri unaipa nyumba hadhi ambayo ua la plastiki haliwezi kuipa. Lakini masale ni jamii ya drasena, na mbwa au paka akiyatafuna hutapika na kutokwa na mate. Mshubiri humharisha. Difenbakia na ule mtambaao ambao wengi huuita mani plenti ina fuwele kali zinazochoma mdomo na koo. Hivi vyote viinue juu ya kabati au uvitundike, na masale yenyewe yanakaa vizuri kwenye veranda ambayo mnyama haingii.

Lili ya kweli, ile inayoletwa kwenye mashada ya harusi na misiba, usiilete kabisa kwenye nyumba yenye paka. Jani, chavua iliyomwangukia manyoyani, hata maji ya chombo yalimokaa maua hayo, huua figo zake ndani ya siku chache. Ukimkuta ametafuna, usisubiri atapike. Mkimbize kwa daktari saa ile ile, na jani lililotafunwa uende nalo mkononi.